Tone la Maji Juu ya Shaba

Makiso, Kisangani, 14 Aprili 2024

Leki wangu Arsène,

Pokea salamu ya yaya yako Benie, dada yako mukubwa, na ya mutoto wangu Chance, ambaye amepata jino ya pili na sasa anauma kila kitu, hata mukono ya pasta siku alitubariki. Tuko wazima. Samaki iko, mvua iko, umeme inakuja wakati inapenda. Hii barua inakuja na shangazi yetu, Tantine Simone, anaenda biashara yake ndani ya ndege, na furushi ya samaki ya moshi. Usiimalize yote na rafiki zako wa labo.

Naandika juu simu yangu ilikufa. Chance aliitupa ndani ya beseni ya pondu, majani ya muhogo, na hakuna mutu alijua mpaka ilianza kuimba chini ya majani. Iliimba mara ya mwisho, ikanyamaza. Usihuzunike. Kwa simu mimi nacheka tu halafu unité inaisha. Kwa karatasi angalau nakaa.

Bon. Chupa zako. Ulipokwenda Kinshasa, labo ya université ya hapa ilikuwa imefungwa juu wanatengeneza dari, ukaniachia chupa ndogo tano juu ya kabati. Ulisema zisiguswe, zisitikiswe, na makala ya moto ikae mbali juu ndani iko alkoli. Nimefanya vile. Chumba nafunga, na ufunguo iko shingoni. Asubuhi naingia polepole kuziangalia, sawa mutu anaangalia kama watoto bado wamelala. Bado ni maji ya kijani tu, kijani ya giza, sawa pondu ya jana.

Jirani aliniuliza ndani iko nini. Nilimwelezea sawa uliniambia wakati ulikuwa unakula lituma yangu ya ndizi: iko mambo mbili, moja inaitwa aldehidi, inanuka sawa biskuti, ingine inaitwa amini, inanuka sawa samaki ya juzi. Zinaoana. Wakati zinaoana zinatoa tone ya maji, na mutoto wao anaitwa base de Schiff. Huyo mutoto iko na mikono ine. Anashika shaba katikati, haiachi tena. Jirani akasema, “Na ile tone ya maji?” Nikasema ni bibi-arusi analia kidogo, kila ndoa iko vile. Niambie kama nilielezea mubaya.

Na wewe unangoja alkoli itoke, chini kuote mawe ndogo ya kung'aa, kristali, upate moja nzuri ya kutuma Afrika ya Kusini. Kule mashine inapiga picha ya ndani yake, halafu Prof anasema sasa Arsène ni docteur. Nimeelewa yote. Sijaelewa tu docteur gani ambaye hatibu mutu.

Bwana yangu Moïse iko bado Bafwasende kwa machimbo ya dhahabu. Alisema atarudi Pasaka. Pasaka ilikuja, yeye barabara ilimushika. Ni mvua.

Yaya yako,
Benie


Kinshasa, 5 Mei 2024

Yaya Benie,

Salamu kutoka huku kwenye kelele. Mbusu Chance, lakini mbali na meno. Samaki wako walifika, na harufu yao ilifika kabla yao. Labo nzima ilifikiri nimegundua amini mpya. Sasa wote wanaulizia kama nina dada mwingine.

Jirani umemweleza vizuri kuliko nilivyoeleza mimi mbele ya Profesa François. Mimi niliongea sana, akaniuliza swali moja dogo, nikaomba maji ya kunywa.

Mambo mawili kuhusu chupa. Kwanza, usiondoe ile karatasi ya aluminium iliyofunika midomo yake. Tundu nililotoboa kwa sindano linatosha. Alkoli ikitoka haraka, molekuli zinakaa ovyo, kama watu wanaogombania mashua ya baleinière siku ya safari, na tunapata unga. Ikitoka polepole, kila moja inatafuta kiti chake, inakaa sawa na mwenzake, na hiyo ndiyo kristali. Kwa picha ninayoitaka unga haunisaidii. Nataka kristali moja, hata kama ni ndogo kama punje ya chumvi.

Pili, maji yasiingie. Alkoli ile niliikausha mwenyewe kwa shida. Hata lile chozi la bibi-arusi nililikausha lote kabla ya kuweka shaba. Katika kazi yangu maji ni adui.

Ndiyo, shaba. Inatoka kwetu Congo, na mimi naichota kwenye kichupa kilichoandikwa Kijerumani. Wenzangu wanasema imekwenda Ulaya kusoma, kisha ikarudi kufundisha.

Shemeji Moïse amefika? Mwambie bado hatujamaliza ule mchezo wa dame.

Huku kazi inaendelea vizuri.

Leki yako,
Arsène


Makiso, Kisangani, 2 Juni 2024

Leki Arsène,

Sabuni ulituma ilifika, asante, tunanuka sawa watu wa mjini. Chance anatambaa, lakini anatambaa kwa nyuma. Anaona kijiko mbele yake, anakipenda, anaanza safari, na anajikuta chini ya kitanda. Halafu anakasirikia kitanda.

Chupa zako ziko vizuri. Ziko zote tano. Hakuna hata moja imepasuka. Ulisema zisitikiswe, bon, dunia yenyewe inatikisika kidogo, lakini nimefanya pale nguvu yangu iliishia. Mvua huku iko mingi sana. Lakini mvua iko inje.

Nikuulize kitu moja. Kama ile aluminium inapata tundu ya pili, kubwa kidogo, sawa ncha ya kidole, ni nini inatokea? Nauliza tu, juu nataka kujifunza.

Ile mambo ya dame utaongea na Moïse mwenyewe siku mutaonana.

Naacha hapa. Jogoo ya Tantine Simone inalia mulangoni, itaamusha mutoto.

Yaya yako,
Benie


Kinshasa, 23 Juni 2024

Yaya,

Salamu kwenu nyote. Tundu la pili si zuri. Kwa nini unauliza kitu ambacho hakijatokea?

Jogoo wa Tantine Simone ninamfahamu, alinifukuza nilipokwenda kuaga. Anaishi Kabondo, mtaa mwingine kabisa. Alifikaje mlangoni kwako Makiso? Alipanda baiskeli ya toleka?

Kazi inaendelea vizuri. Nakula, nalala. Prof hajambo. Shemeji je?

Arsène


Kisangani, 14 Julai 2024

Leki wangu,

Barua yako ilikuwa fupi, Tantine Simone aliikunja mara moja, ikaisha. Mutu ambaye kazi yake inaendelea vizuri anaandika vile? Mimi ndiye nilikubeba mugongoni, Arsène. Ulipokuwa mudogo, siku umevunja sahani, ulikuwa unakuja wewe wa kwanza kusema, “Mama, leo nimekula vizuri, asante.” Basi mama alikuwa anaenda moja kwa moja kutafuta vipande. Na mimi nimeanza kutafuta.

Jogoo inatembea sana. Ni jogoo ya mama wa biashara.

Sasa sikia, na ukae chini. Chupa ine zimekauka. Ndani imebaki unga ya kijani, nzuri kuona, lakini ulishanifundisha unga si kitu. Nilikaa na chupa hizo ine kwa magoti, sikujua nitakuandikia namna gani, na hii barua ilikawia juu ya hiyo.

Iko ya tano. Ile nilikuuliza tundu yake. Hapana, sikukuuliza tundu yake, niliuliza tu. Bon. Ile ya tano, asubuhi ya jana, niliona kitu chini. Nilifikiri ni kipande ya chupa ya bia imeingia. Nikaangalia na mwangaza ya mulango. Arsène, iko na kona. Kona ya kweli, sawa mutu alikata na kisu, na pande zake zimelala bapa, na mwangaza inapita ndani na inatoka kijani. Kubwa yao iko sawa punje ya muchele iliyovunjika. Ingine ni ndogo, lakini zote ziko na sura moja, sawa watoto wa mama mumoja.

Nilimwita Tantine Simone. Akasema, “Nani alichonga hizi kona?” Nikasema hakuna mutu, zimejipanga zenyewe. Akakaa chini. Na ule mama unamujua, hata ndani ya kanisa hakai. Chance alipiga makofi, lakini yeye anapigia hata mbuzi.

Sikugusa. Niambie nifanye nini. Na niambie ile ingine pia.

Yaya yako,
Benie


Kinshasa, 28 Julai 2024

Yaya Benie mpenzi,

Umekwisha kuviona vipande, basi nitakuonyesha sahani. Imevunjika.

Tangu nilipofika huku, kila nilichotengeneza ni unga. Nimebadilisha chupa, nimebadilisha chumba, nimeweka baridi, nimeweka joto. Unga. Mwezi wa sita Profesa François aliniita ofisini. Aliongea kwa upole, na ule upole ndio ulioniogopesha, kwa sababu kawaida anafoka. Alisema rafiki yake wa Afrika ya Kusini anatushikia mashine hadi mwisho wa Agosti, baada ya hapo nafasi ni ya wengine. Bila kristali hakuna picha, bila picha siwezi kusema nimetengeneza nini, na thesis haisimami. Itabidi nianze somo jingine tangu mwanzo, au nirudi nyumbani nikafundishe. Tayari nilikuwa nimeanza kukunja nguo zangu.

Sikukuandikia kwa sababu mikono yako ilikuwa na mtoto na chupa. Sikutaka unishike na mimi juu yake.

Kwa hiyo imebaki ile ya tano. Ondoa aluminium, funga na kizibo chake cha plastiki, kaza. Usimwage yale maji ya kijani, kristali zibaki zimelala ndani yake. Usizitoe, usizipanguse, usimpe mtu azishike. Tantine asiitie ndani ya sanduku. Aibebe mwilini, wima, mpaka hapa. Namwomba kama mtoto wake.

Na yaya, wewe unaishi wapi?

Arsène


Kabondo, Kisangani, 11 Agosti 2024

Leki wangu,

Umeona nimeandika Kabondo. Niko kwa Tantine Simone tangu mwezi wa tano, na jogoo haikupanda toleka. Juu ya nini niko hapa, tutaongea siku ingine. Leo ni siku ya chupa.

Nimefunga sawa ulisema. Nimezungushia pamba, halafu kitambaa ya Chance, ile laini. Tantine ameiweka pale mama wa biashara anaweka kitu ambayo haiibiwi. Nikamwambia, “Tantine, lazima isimame.” Akasema, “Benie, hapa hakuna nafasi ya kulala.” Amekubali asicheke mpaka Kinshasa, na hiyo ndiyo naogopa, juu hata kristali yako ni rahisi kuliko hiyo. Nimeomba wasimupe kiti karibu na mutu wa kuchekesha.

Kunjua nguo zako, uzirudishe kwa kamba. Kufundisha si mubaya, lakini bado.

Nitakaa hapa nangoja sawa siku ulifanya examen d'État ya kumaliza shule, sitakula pili-pili mpaka unajibu.

Yaya yako,
Benie


Kinshasa, 29 Septemba 2024

Yaya Benie,

Kula pili-pili.

Salamu kwa Chance, kwa Tantine, na kwa jogoo. Tantine alifika uso umekaza kama askari, na alipoanza kufungua kitenge mbele ya Prof, Prof aligeuka kusoma kalenda ukutani mpaka chupa ilipotoka. Halafu Tantine akacheka ule mcheko aliokuwa ameuhifadhi tangu Kisangani. Labo za jirani zilikuja kuuliza.

Kristali zilikuwa nzima. Moja imefika Afrika ya Kusini kabla mashine haijapewa wengine. Wakaipiga miale, nayo ikajibu. Picha imefika, na nimekuchorea nyuma ya karatasi hii. Geuza.

Duara kubwa katikati ni shaba. Zile nne zinazoishika kandokando, mbili ni nitrojeni na mbili ni oksijeni. Ni ile mikono minne uliyomwambia jirani. Hayo tuliyategemea. Sasa angalia juu ya shaba. Kuna molekuli moja ya maji. Shaba imeibeba kichwani, kama mama anayetoka mtoni na ndoo. Na yale maji nayo yana mikono miwili mifupi, imenyoshwa mpaka kwa molekuli ya jirani na kuishika. Jirani naye amebeba maji yake, na maji yake yanaishika hii. Ndiyo maana zimekaa zimepangana. Bila maji hakuna anayemshika mwenzake, na hapo unapata unga wangu wote.

Na mimi ndiye niliyekuandikia kwamba maji ni adui. Prof alicheka mpaka akavua miwani. Nimejaribu tena hapa, safari hii nikadondosha maji kidogo, na kristali zinaota, zenye kona zilezile. Kwa hiyo thesis imesimama, Yaya. Nitaitetea mwakani, nimepewa mwezi wa pili, na utakuja ukae kiti cha mbele.

Limebaki swali la Prof: katika ile chupa ya tano maji yalitoka wapi? Alkoli ilikuwa kavu. Chozi la bibi-arusi nililikausha. Lazima niandike ukweli jinsi kristali ile ilivyopatikana, na asiyejua ni mimi. Unayejua ni wewe.

Siwezi kukasirika, hata ukiniambia Chance aliinywesha. Ulisema tutaongea siku ingine. Hii ndiyo siku ingine.

Leki yako,
Arsène


Kabondo, Kisangani, 13 Oktoba 2024

Leki wangu karibu-docteur,

Tunakusalimia wote. Chance sasa anaenda mbele. Alisimama kwa kushika mukia ya mbuzi, mbuzi ikaondoka, na yeye akaondoka nayo. Mimi nauza mikate asubuhi mbele ya mulango ya Tantine, wanafunzi wanapita, na mikate haingoji saa ya nne. Picha yako nimeibandika ukutani. Wageni wanauliza hii ni ramani ya wapi. Nasema ni familia.

Uliuliza maji.

Ilikuwa ile mwezi wa tano. Mwenye nyumba ya Makiso aliomba nyumba yake juu kijana yake anaoa, na hakuomba kwa ubaya, alinipa nafasi ya kujipanga. Mimi nilikuwa namungojea Moïse tuhame pamoja. Asubuhi moja kijana wa pikipiki akafika kutoka Bafwasende na mufuko ya muchele. Nikamuuliza, “Moïse iko namna gani?” Akaanza kuangalia gurudumu yake. Nikasema, “Papa, sema tu, mimi si yai.” Akasema Moïse iko muzima, amenenepa kidogo. Iko na nyumba kule, na ndani ya nyumba iko mwanamuke. Muchele ni ya mutoto. Bon. Tulikula ule muchele, ulikuwa muzuri.

Siku ile ile nikahama. Kitanda na sufuria kubwa zilienda na chariot ya kusukuma. Chupa zako, hapana. Nilizisimamisha ndani ya sufuria ndogo, nguo za mutoto katikati, sufuria kwa magoti yangu, Chance mugongoni, nikapanda toleka ya Bavon, jirani yetu. Nikamwambia Bavon, leo hatutikisiki. Aliendesha polepole hata watu wa miguu walitupita. Mama mumoja akauliza, “Munapeleka maiti?” Bavon akajibu, “Tunapeleka docteur.”

Kabla ya kufika Kabondo mvua ikaanguka. Bavon alisema tuingie chini ya veranda ya watu. Nikamwambia endelea, juu niliona nikishuka pale sitapanda tena. Nikainama juu ya sufuria, kichwa yangu ikawa paa. Baiskeli ikagusa shimo, kidole yangu ikateleza, ikapasua aluminium ya chupa moja. Na mimi niliinama bado. Niliona matone inatoka kwa uso wangu na inaingia mule mule, moja, halafu ingine, na sikuwa na mukono ya kuziba. Mukono moja ilishika sufuria, ingine ilishika Chance.

Bavon hakugeuka nyuma. Alipiga tu kengele yake njia yote, hata pale hakukuwa na mutu, ili watu wasinisikie.

Sikukuandikia juu barua yako ilikuwa imefika na kusema maji ni adui. Na ile ya Moïse sikukuandikia juu ungepanda ndege ya kwanza uende kumupiga Bafwasende, na wewe ndiye ungepigwa. Sasa imepita. Ninalala. Asubuhi unga ya mikate inaumuka na mimi naamuka nayo.

Andika Bavon ndani ya thesis, anastahili. Andika toleka, wale wa Afrika ya Kusini wajue ni nini. Mimi andika tu dada yangu.

Iko jambo moja nataka uulize kabla ya kuandika. Siku ile, kwa uso wangu, maji haikuwa ya aina moja. Waulize kama mashine yao inajua kutofautisha. Kama haijui, andika mvua.

Yaya yako,
Benie